Injili ilitokaje kwa Wayahudi ikafika kwa watu wengine? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali sijayatunga. Nafundisha darasa la Biblia jioni za Jumamosi, na kila tukigusa kitabu cha Matendo lazima mtu aulize moja kati ya haya, vijana kwa wazee, na majirani zangu Waislamu nao wakinikuta kibarazani wananirushia yao. Nimechoka kurudia yaleyale kwa hiyo nimeyaandika yote hapa. Mengine nimejibu kirefu, mengine mistari miwili, inategemea swali lina nyama kiasi gani.

"Watu wa Mataifa" ndo akina nani?

Kila asiye Myahudi. Mgiriki, Mrumi, Msiria, Mkushi, wote kapu moja. Kuna kijana alishawahi kuniuliza kama ni Umoja wa Mataifa, na hakuwa anatania.

Ila usidhani watu wa wakati ule walikuwa Wayahudi huku na wengine kule basi. Katikati palikuwa na watu kibao. Kulikuwa na Wasamaria, hao ni kama watoto wa baba mmoja waliogombania urithi mpaka hawasalimiani. Kulikuwa na waongofu, yaani mtu wa kabila lingine aliyeamua kuwa Myahudi jumla jumla, akatahiriwa na kushika torati yote. Alafu kuna wale Biblia inawaita wacha Mungu, na hawa ndo muhimu kwenye stori yetu: watu wa Mataifa wanaokuja sinagogi, wanaamini Mungu mmoja, wanatoa sadaka, Musa kasema nini wanajua, lakini kutahiriwa hapana.

Kuna wasomi walikuwa wanasema hawa Luka, mwandishi wa Matendo, kawatia chumvi. Mwaka 1976 kule Afrodisia, Uturuki ya leo, likapatikana jiwe la Wayahudi limejaa majina ya wachangiaji, kama ile listi ya harambee inayobandikwa ukutani kanisani. Wayahudi wako kwao, na wacha Mungu wamewekwa kwao, zaidi ya 50, na wa kwanza kabisa kwenye listi yao ni madiwani wa mji. Jiwe ni la karne za baadaye kuliko Paulo, lakini linaonyesha watu wa aina hiyo walikuwepo na hawakuwa watu wa kificho.

Kumbuka hili kundi, maana mahubiri ya Paulo kwenye masinagogi yaliwanasa hawa kuliko mtu mwingine yeyote. Walikuwa wamekaa kibarazani miaka mingi, ndani wanapaona ila hawajaingia.

Yesu si alisema waende kwa mataifa yote? Sasa ugomvi ulitoka wapi?

Alisema, Mathayo 28. Lakini kitabu hichohicho sura ya 10 anawatuma wale Kumi na Wawili na kuwaambia wasiende kwa Mataifa wala mji wa Wasamaria wasiingie. Kwa hiyo mitume walikuwa na pa kushika pande zote mbili.

Na ugomvi haukuwa kuhusu mgeni kuruhusiwa au kutoruhusiwa. Wageni walikuwa wanaingia dini ya Kiyahudi toka zamani, utaratibu upo. Ugomvi ulikuwa: huyu Mgiriki anaingia kama nani? Anatakiwa awe Myahudi kwanza ndo awe mfuasi wa Yesu, au anakuja hivohivo alivyo?

Ukitaka kuona hilo suala lilikuwa zito kiasi gani, angalia lile jiwe la Hekalu. Hekalu la Yerusalemu lilikuwa na ua wa nje ambao mtu yeyote anaingia, alafu kuna ukuta mfupi, na kwenye huo ukuta kulikuwa na mawe yameandikwa kwa Kigiriki kwamba mtu wa taifa lingine asivuke hapo, na atakayekamatwa ajilaumu mwenyewe kwa kifo kitakachompata. Moja zima lilipatikana mwaka 1871, sasa liko makumbusho Istanbul. Kwenye Matendo 21 Paulo anakamatwa kwa tuhuma hiyohiyo, kwamba kamuingiza Trofimo wa Efeso mle ndani. Walikuwa wamewaona pamoja mjini, wakadhani kaenda naye mpaka Hekaluni. Kwa kudhani tu mji mzima ukafumuka na mtu nusura auawe.

Nani alikuwa wa kwanza asiye Myahudi kubatizwa?

Hapa darasa huwa linagawanyika na mimi nalipenda swali hili.

Wengi wanasema Kornelio, Matendo 10. Ila sura mbili kabla kuna yule towashi wa Kushi, mtunza hazina wa Kandake. Kandake sio jina la mtu, ni cheo cha malkia kwenye ufalme wa Kushi ambao mji wake mkuu ulikuwa Meroe, Sudan ya leo. Watu wanamwita Mwethiopia kwa sababu Wagiriki walikuwa wanawaita hivyo watu weusi wa kusini mwa Misri, ila kwao ni kule kwenye Nile ya Sudan.

Jamaa katoka huko mbali, kafika Yerusalemu kuabudu, sasa anarudi kwenye gari lake anasoma Isaya kwa sauti. Filipo mhubiri anamsikia anasoma. Sasa fikiria huyu mtu: Kumbukumbu la Torati 23 inasema mtu aliyehasiwa asiingie katika mkutano wa Bwana. Kasafiri wiki kwa wiki kwenda mahali ambapo sheria inamuweka nje, na hata akitaka kuongoka akatahiriwe, mwili wake wenyewe ndo kikwazo. Na chuo alichoshika mkononi ni Isaya, ambacho sura tatu tu mbele ya pale alipokuwa anasoma, sura ya 56, Mungu anawaahidi matowashi mahali nyumbani mwake na jina lililo bora kuliko wana na binti. Luka hatuambii kama alifika hapo. Anatuambia tu waliona maji njiani na jamaa akauliza, kinachonizuia nisibatizwe ni nini? Mtu aliyezuiliwa maisha yake yote ndo anauliza hivyo! Filipo hakuomba kibali kwa mtu, wakashuka wote wawili majini.

Kornelio yeye ni akida wa jeshi la Kirumi pale Kaisaria, mcha Mungu, na kesi yake ilikuwa kubwa kwa sababu aliyekwenda ni Petro na palikuwa na mashahidi. Kwa hiyo ukitaka wa kwanza kwa kufuata sura ni towashi, ukitaka wa kwanza aliyejadiliwa na wakubwa ni Kornelio. Wapo wanaosema towashi alikuwa mwongofu tayari. Mimi kwa hiyo Kumbukumbu 23 sioni angeongokaje kikamilifu.

Kwani Petro alipoenda kwa Kornelio kosa lake lilikuwa nini?

Kula. Soma Matendo 11:3 taratibu. Petro anarudi Yerusalemu, ndugu wanamkalia kikao, na wanachomshtaki ni kwamba kaingia kwa watu wasiotahiriwa akala nao. Ubatizo hawakuuanza. Walianza na sahani.

Kwetu hili linaeleweka haraka. Ukifika kwa mtu ukakataa chakula chake umeshamwambia kila kitu. Na tunaoishi mtaa mmoja na watu wa dini nyingine tunajua ishu ya nani kachinja inavyoweza kuharibu sherehe nzima kama haikupangwa mapema. Sasa weka hiyo kwenye kanisa ambalo ibada yake kuu ni kula mkate pamoja. Kama hamuwezi kula meza moja, hamna kanisa moja.

Kwa hiyo Paulo ndo aliyepeleka Ukristo kwa Mataifa?

Hapana jamani. Hapa ndo hoja yangu kubwa, mengine yote ukiyasahau hili lishike: kila mara utakuta jambo limeshatokea tayari, limefanywa na watu ambao hata majina yao hatuna, alafu ndo wakubwa wanakuja kuangalia na kuweka kanuni.

Stefano anauawa, mateso yanaanza Yerusalemu, watu wanakimbia. Wakimbizi. Wengi wao walihubiri kwa Wayahudi wenzao tu. Ila Matendo 11:20 inasema kulikuwa na baadhi, watu wa Kipro na Kirene, walipofika Antiokia wakaongea na Wagiriki pia. Kirene ni Libya ya leo. Baadhi, basi! Kanisa la kwanza kubwa la mchanganyiko limeanzishwa na "baadhi". Yerusalemu wakasikia wakamtuma Barnaba akaangalie, Barnaba akaona kazi ni kubwa akaenda Tarso kumtafuta Sauli. Yaani Paulo aliletwa kama msaidizi kwenye kazi iliyokuwa inaendelea. Na Antiokia ndo mahali walipoitwa Wakristo mara ya kwanza. Angalia na viongozi wao kwenye sura ya 13: Barnaba wa Kipro, Simeoni aitwaye Nigeri (ni Kilatini, maana yake mweusi), Lukio wa Kirene, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli mwishoni mwa listi.

Rumi ni hivohivo. Paulo anawaandikia Warumi mwaka 57 hivi, kanisa limeshakuwepo, hajawahi kufika wala hakulianzisha yeye. Na alipopelekwa kule kama mahabusu, meli ikafunga Puteoli, akakuta ndugu wapo bandarini tayari. Nani aliwahubiria? Mfanyabiashara fulani, mtumwa fulani, mahujaji waliorudi kutoka Pentekoste, chagua mwenyewe.

Nilipoanza kufundisha nilikuwa na ramani ya safari tatu za Paulo, mishale myekundu, mishale ya bluu, na watu wakitoka darasani wanajua jamaa mmoja tu kazunguka dunia. Ile ramani siku hizi naitoa mwishoni.

Kazi ya Paulo lakini usiidharau, kaandika, kafikiri, kasafiri, kapigwa, na zaidi ya yote kakataa kabisa Wagalatia watahiriwe. Pia tunaweza kumpangia tarehe: kule Delfi lilipatikana andiko linalomtaja Galio, yule liwali aliyeikataa kesi ya Paulo pale Korintho, na linatupa kama mwaka 51 hadi 52.

Kikao cha Yerusalemu kiliamua nini?

Matendo 15, kama mwaka 49 hivi. Watu kutoka Uyahudi walifika Antiokia wakafundisha kwamba usipotahiriwa huokoki, pakawa na mabishano makali, wakaamua kesi iende juu. Petro akasimulia ya Kornelio, Barnaba na Paulo wakasimulia ya safari, Yakobo akafunga hoja: watu wa Mataifa wasitahiriwe, ila wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, damu, nyama ya mnyama aliyenyongwa, na uasherati.

Ona hayo masharti matatu kati ya manne ni ya jikoni. Walikuwa wanatafuta namna watu wakae meza moja bila mmoja kutapika.

Na ni kweli Petro na Paulo waligombana?

Kweli, na Paulo mwenyewe kaiandika, Wagalatia 2. Petro alikuwa Antiokia anakula vizuri tu na watu wa Mataifa. Wakafika watu kutoka kwa Yakobo, Petro akaanza kujitoa kidogokidogo mezani akiogopa maneno. Wayahudi wengine wakamfuata, mpaka Barnaba. Paulo akamlipua mbele ya watu wote.

Huwa namwonea Petro huruma. Alishaona maono, alishaingia kwa Kornelio, alishatetea kwenye kikao, alafu wageni wawili watatu kutoka nyumbani wakamrudisha nyuma. Nani hajawahi kuwa na rafiki ambaye anamkwepa kidogo pale wajomba wanapokuja? Na Paulo hatuambii kama Petro alikubali kosa, anaishia kwenye hotuba yake mwenyewe, kwa hiyo inawezekana siku hiyo hakushinda.

Alafu Paulo huyohuyo alimtahiri Timotheo, Matendo 16, maana mama yake alikuwa Myahudi. Tito ambaye ni Mgiriki mtupu, Paulo akagoma asitahiriwe. Ukimuuliza angekwambia ni mambo mawili tofauti.

Kwa nini watu wa Mataifa walikubali? Walipata nini?

Majibu ya kiroho mtapewa kanisani, mimi nawapa yale ambayo hata wapinzani wao waliyaona.

Kelso, mwandishi mpagani wa karibu mwaka 180, aliwacheka Wakristo kwamba ni wafuma sufu, mafundi viatu na wafua nguo ambao mbele ya bosi wao hawafungui mdomo, ila wakiwapata wanawake na watoto pembeni wanaanza kuwafundisha. Yeye alikuwa anatukana, lakini bila kujua katuachia ripoti nzuri ya jinsi ilivyokuwa inasambaa: kwenye karakana, jikoni, kwa watu wanaofanya kazi pamoja siku nzima. Priska na Akila walikuwa mafundi mahema, na Paulo pia, kule Korintho walikaa nyumba moja kwa sababu ya ufundi huo. Ukikaa na mtu unashona turubai kutwa nzima mtaongea tu.

Karne ya 3 likaja gonjwa baya, na Askofu Dionisio wa Aleksandria anaelezea jinsi wagonjwa walivyokuwa wanatupwa barabarani kabla hata hawajakata roho, huku Wakristo wengi wakiwauguza na wenyewe wakifa. Ni askofu anawasifu watu wake, sawa, punguza kidogo. Ila mfalme Yuliano ambaye aliuacha Ukristo na akawa anataka kurudisha miungu ya zamani, kwenye miaka ya 360 alilalamika kwa kuhani wake mmoja kwamba ni aibu hawa Wagalilaya (ndo alivyowaita Wakristo) wanalisha maskini wao na wetu pia. Adui akisema hivyo mimi namwamini.

Na jambo la wajane ni la mwanzo kabisa, Matendo 6, wajane wa Wayahudi wasemao Kigiriki walikuwa wanarukwa kwenye mgao wa chakula. Wakachaguliwa watu saba kusimamia, wote majina ya Kigiriki, mmoja wao Nikolao ni mwongofu wa Antiokia. Yaani wale waliolalamika kuonewa ndo kundi lao likakabidhiwa mgao. Na Stefano na Filipo walitoka kwenye listi hiyohiyo, waliochaguliwa kugawa chakula ndo wakaja kufungua njia za nje.

Ilikuwa dini ya watumwa na maskini tu?

Walikuwepo wengi ila sio peke yao. Lidia wa Filipi alikuwa anauza rangi ya zambarau, hiyo ni bidhaa ya matajiri, na alikuwa na nyumba ya kukaribisha wageni. Karibu mwaka 112 gavana Plinio kule Bithinia, kaskazini mwa Uturuki, alimwandikia mfalme Trayano kwamba jambo hili limewashika watu wa kila umri na kila hadhi, sio mijini tu, vijijini na mashambani pia, mahekalu yalikuwa karibu kubaki matupu na wanyama wa kafara walikuwa wanapata wanunuzi wachache mno. Ili ajue ukweli aliwatesa wajakazi wawili walioitwa wahudumu wa kanisa, mashemasi tuseme. Wajakazi! Na majina yao hakuandika. Sijui kama mnaona navyorudia jambo moja.

Mbona tunaambiwa ni dini ya Wazungu?

Kwetu huku ilikuja na Wazungu kweli, Wareno kuanzia 1498, alafu mmisionari Krapf Mombasa mwaka 1844, kwa hiyo anayesema hivyo anasema alichokiona babu yake. Ila hiyo ni historia ya Pwani yetu.

Karthago, Tunisia ya leo, tarehe 17 Julai mwaka 180, watu 12 wa mji mdogo wa Scilli wanasimama mbele ya liwali. Majina kama Nartzalus hata sio ya Kilatini. Liwali anawauliza mle kwenye kasha mmebeba nini, Speratus anajibu ni vitabu na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Wanapewa siku 30 wafikirie, wanakataa, wanakatwa vichwa siku hiyohiyo. Hiyo hati ni kati ya maandishi ya Kikristo ya zamani kabisa tuliyonayo kwa Kilatini, na imetoka Afrika. Miaka 23 baadaye mji huohuo wanauawa Perpetua, mama wa miaka 22 hivi mwenye mtoto wa kunyonya, na Felisita mtumwa aliyejifungulia gerezani. Perpetua aliandika mwenyewe mambo yake ya gerezani. Hawa akina Perpetua na Felista mnaosoma nao shule, majina yao yametoka hapo, hayajatoka Ulaya.

Alafu Aksum, ufalme wa kale kule Ethiopia, hawa ni majirani zetu kabisa. Vijana wawili kutoka Tiro, Frumentio na Edesio, wanasafiri na mzee wao, meli inatia nanga Bahari ya Shamu kutafuta maji na chakula, wenyeji wanaivamia na kuua wote isipokuwa hao wawili. Wanapelekwa kwa mfalme, wanakua, mmoja anakuwa mnyweshaji wa mfalme na mwingine mtunza hesabu. Mfalme anakufa, malkia anawaomba wabaki mpaka mtoto akue. Frumentio kwa nafasi hiyo anawatafuta wafanyabiashara Wakristo wanaopita bandarini na kuwapa ruhusa ya kuwa na mahali pa kusali. Baadaye anakwenda Aleksandria kumwomba Athanasio, askofu wa kule, awape askofu, Athanasio anamwambia sasa nani anafaa kuliko wewe? Akarudi askofu. Mfalme Ezana kwenye sarafu zake za mwanzo ana mwezi mwandamo na duara, za baadaye ana msalaba, unaweza kuziona zimewekwa pamoja ukafuatilia mtu anavyobadilika mfukoni mwa watu wake. Hiyo ni katikati ya karne ya 4. Wamisionari waliotumwa na papa kwa Waingereza wa Kent walifika mwaka 597.

Na kanisa la Ethiopia lilikuwa linapokea mkuu wake kutoka Misri karne zote hizo hadi karne ya 20, na mwaka 1959 ndo wakapata patriaki wao mzalendo.

Nje ya Dola ya Kirumi ilifikaje?

Mara nyingi kwa mateka. Frumentio mmoja. Wagothi, kabila la kaskazini nje ya dola, walivamia Kapadokia (Uturuki ya leo) karne ya 3 wakateka watu, kati ya hao wamo mababu wa Wulfila, na Wulfila ndo akaja kuwa askofu wa Wagothi, akawatungia herufi na kuwatafsiria Biblia. Inasimuliwa vitabu vya Wafalme aliviacha makusudi, maana alisema hawa jamaa vita wanaipenda tayari, hawahitaji kuchochewa. Mtafsiri anayewajua watu wake! Georgia ni mwanamke mateka aliyewaombea wagonjwa, mpaka malkia akapona. Msimuliaji wa kwanza hamtaji jina, baadaye ndo akajulikana kama Nino. Patriki aliyewahubiria Waayalandi alikuwa ametekwa na kufanywa mtumwa kule akiwa na miaka 16.

Wengine ni wafanyabiashara. Edesa, mji ulio Uturuki ya leo, pale ambapo Kisiria kilikuwa lugha ya watu, mafuriko ya mwaka 201 yaliharibu jengo la kanisa, kwa hiyo lilikuwepo. Armenia kwa mapokeo yao ni 301, alipoongoka mfalme Trdat, yeye aliyekuwa amemtupa shimoni mhubiri wao Gregori. Karne ya 6 msafiri mmoja wa Aleksandria anasema kuna Wakristo Malabar huko India na kisiwani Sokotra, Sokotra hii ya hapa juu karibu na Pembe ya Afrika, na makasisi wao walikuwa wanatoka Uajemi. Mwaka 635 mhubiri Alopen akafika China.

Si Konstantino aliwalazimisha watu?

Konstantino, mfalme wa Rumi, mwaka 313 aliruhusu, hakulazimisha. Dini rasmi ya dola ni amri ya Theodosio mwaka 380, na baada ya hapo kulazimisha kulikuwepo na hakukuwa kuzuri, siwezi kukificha. Ila Plinio analalamika miaka 200 kabla ya Konstantino.

Walikuwa wangapi?

Hakuna aliyehesabu. Mwanasosholojia Rodney Stark alipiga hesabu: ukianza na watu 1,000 mwaka 40 wakaongezeka asilimia 40 kila miaka kumi, mwaka 100 unapata kama 7,500 tu, na mwaka 300 zaidi ya milioni 6. Ni makadirio, ila nayapenda kwa sababu yanaonyesha hauhitaji mikutano mikubwa ya hadhara, inatosha kila mtu kumvuta mmoja wa nyumbani kwake kwa wakati wake.

Wakristo wa Kiyahudi waliishia wapi?

Hili hakuna anayelipenda. Hekalu liliharibiwa mwaka 70, na baada ya vita ya Wayahudi na Warumi ya 132 hadi 135 Wayahudi wakafukuzwa Yerusalemu. Eusebio, mwanahistoria wa kanisa, anasema mpaka hapo maaskofu wote 15 wa mji ule walikuwa Wayahudi, wa kwanza asiye Myahudi ni Marko. Miaka michache tu baadaye Yustino, mwandishi Mkristo na mtu wa Mataifa mwenyewe, anaulizwa hivi Myahudi anayemwamini Yesu na bado anashika torati, ataokoka? Anajibu kwa maoni yake ndiyo, mradi asiwalazimishe wengine, ila kuna Wakristo ambao hata kusalimiana na mtu kama huyo hawataki. Karne moja tu swali lilikuwa limegeuka kichwa chini miguu juu, na aliyekuwa nje ndo anayeamua nani aingie.

Nikitaka kusoma mwenyewe nianzie wapi?

Soma Matendo sura ya 6 mpaka 15 kwa mkupuo mmoja, saa moja inatosha, usisimame kwenye vichwa vya habari vilivyowekwa na wachapishaji. Alafu Wagalatia 2. Chukua kalamu na kila ukikuta mtu asiye na jina anafanya jambo, weka alama pembeni. Darasani kwangu kuna mama mmoja Biblia yake ukurasa wa Matendo 11 umejaa wino mpaka umetobokea upande wa pili.